Mhusika aliyeanguka: wanafunzi wanaandika "ni tamaa" halafu nukta

Pazia_Kadutu, Bukavu

Jambo yenu bandugu. Nasimamia kikundi cha michezo ya kuigiza cha vijana wa mwaka wa sita wa sekondari, hapa Kadutu. Mwisho wa muhula wataonyesha vipande vya Macbeth ya Shakespeare kwa Kiswahili, na kila mmoja ataleta kurasa 2 za uchambuzi wa mhusika. Karatasi za kwanza zote zinasema kitu kimoja: "Macbeth alikuwa mtu mwema, tamaa ikamwangusha, nasi tujiepushe na tamaa." Wachache wanasema alirogwa. Wengine mzigo wote wanamtwisha mke. Na kwenye mazoezi kijana anayemwigiza anaingia amekunja uso tangu mwanzo, utadhani ameshaua watu kumi.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Mnawaonyeshaje anguko hatua kwa hatua? Wakitazama filamu, waandike nini hasa? (Tuna kompyuta moja na projekta, na umeme wa kubahatisha.) Na je, njia moja inawafaa wahusika wote walioanguka? Aksanti.

Mwalimu_Ndosho, Goma

Kaka, tamaa ipo na hukatazi mtu kuiandika. Ubaya wake ni kwamba inamfaa kila mtu. Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, anatamani, Malcolm, mwana wa mfalme, anatamani, nusu ya watu waliomo mle wanatamani. Neno linalowafaa wote halimchambui yeyote. Wape kazi zitakazowarudisha kwenye maandishi.

Anza na mtu wa kulinganisha. Banquo alikuwa palepale mbele ya wachawi, tendo la 1 onyesho la 3, naye akaahidiwa kwamba uzao wake utatawala. Ahadi nono vilevile. Hakushika kisu. Anayeandika "alirogwa" aeleze kwanza kwa nini uchawi ulimpata mmoja ukamwacha mwenzake aliyesimama ubavuni pake.

Kisha watafute wazo la kuua lilianza lini. Katika onyesho hilohilo la 3, kabla hajamwandikia mke barua, Macbeth anawaza mauaji mwenyewe na nywele zinamsimama. Onyesho la 4 mfalme anamtangaza Malcolm kuwa mrithi, na Macbeth anaziomba nyota zifiche mwanga wake zisione anachokitaka. Mke anaonekana akisoma barua katika onyesho la 5. Basi wazo halikutoka kwa mke. Alichofanya mke, onyesho la 7, ni kumzuia asiliache.

Halafu inakuja kazi yenyewe: wapime kusita kwake. Chukua mauaji manne na uyapange kwa mfuatano.

Mfalme Duncan. Kabla ya kumuua, Macbeth anajihesabia sababu za kutofanya: ni ndugu yake, ni mfalme wake, ni mgeni ndani ya nyumba yake, na tena ni mfalme mpole. Hataji hata kosa moja la Duncan. Anafika mahali anamwambia mke kwamba jambo hili tuliache. Mke anamgusa kwenye uanaume, anakubali. Baadaye anakiona kisu hewani. Akishaua, neno "Amina" linamkwama kooni.

Walinzi wawili wa chumba cha mfalme. Hawa wanafunzi huwaruka, na ndio wenye maana kubwa. Mpango wa mume na mke ulikuwa kuwalevya na kuwapaka damu ili lawama iwaangukie. Kuwaua hakumo katika mpango. Asubuhi, tendo la 2 onyesho la 3, Macbeth anawaua peke yake, kisha anasema ni hasira ya kumpenda mfalme. Ndiyo damu ya kwanza isiyotokana na neno la mtu mwingine yeyote.

Banquo. Tendo la 3 onyesho la 1 anawaita wauaji, na ili wakubali anawauliza kama wao ni wanaume kweli. Silaha aliyopigwa nayo na mke, sasa anaishika yeye. Onyesho la 2 mke anauliza kuna nini, anaambiwa abaki asijue mpaka kazi itakapokwisha. Kusita hakupo tena. Kilichobaki ni woga wa kugunduliwa.

Mke na watoto wa Macduff, mmoja wa wakuu wa Scotland. Tendo la 4 onyesho la 1 anapata habari kwamba Macduff amekimbilia Uingereza. Papo hapo anaamua: kuanzia sasa moyo ukitaka, mkono unafanya. Mistari michache tu. Na wanaouawa hawamzuii kwenye kiti chochote, hata mtoto wa miaka michache angejibu hivyo.

Wachore jedwali, mauaji manne kwenda chini, na safu nne kwenda kando: alijua nini wakati ule, ni njia gani nyingine ilikuwa wazi, alisita mistari mingapi, nani aliijua siri pamoja naye. Mistari waihesabu kwa kidole kwenye kitabu. Safu ya tatu inapungua mpaka karibu na sifuri. Safu ya nne inaanza na mke, inaishia na watu wa kukodi. Mwanafunzi akishaliona hilo kwa macho yake ana uchambuzi, hata kama sentensi zake bado ni mbaya.

Kwa karatasi ya pili unaweza kumweka mke kwenye jedwali hilohilo. Yeye anakwenda kinyume. Usiku wa Duncan anasema maji kidogo yanatosha kusafisha. Tendo la 5 onyesho la 1 ananawa mikono akiwa usingizini na doa haliondoki. Mume alianza na hofu, akafika tendo la 5 onyesho la 5 anasikia wanawake wakilia na kusema ladha ya hofu karibu ameisahau. Wamepishana njiani.

Wakumbushe pia: kuuawa na Macduff mwishoni si anguko lenyewe. Hilo ni tokeo. Anguko limekwisha kamilika tangu tendo la 4, hali bado ana taji kichwani.

Jukwaa_Lushi, Lubumbashi

Mwalimu amemaliza upande wa karatasi. Mimi niseme upande wa jukwaa, maana uso uliokunjwa ni ugonjwa wa kila kikundi.

Ndugu Pazia, mrudishe kijana wako tendo la 1 onyesho la 2. Macbeth bado hajaingia, askari mwenye majeraha anamsimulia mfalme jinsi alivyompasua adui kuanzia kitovuni hadi mataya, na wote wanamsifu. Huyo ndiye anayeingia: shujaa aliyechoka, anayependwa, aliyezoea kupigiwa makofi kwa wepesi wa kisu. Dosari yake ni wepesi huohuo. Kwenye uwanja wa vita unaitwa ushujaa, kwenye chumba cha mgeni unaitwa uhaini. Muigizaji anayetafuta "ubaya" wa kuongeza anakosea, hakuna cha kuongeza. Aingie anatabasamu, amshike Banquo bega.

Mbinu inayosaidia: fanya mazoezi kinyumenyume. Kwanza tendo la 5 onyesho la 5, sauti bapa, karibu hana hisia. Akishajua anafikia wapi, mpeleke tendo la 1 onyesho la 7, ataona mwenyewe ana njia ndefu ya kwenda. Ukianza mwanzoni anatumia nguvu zote kwa Duncan, na ikifika karamu hana pengine pa kupanda, anabaki kupiga kelele tu.

Karamu, tendo la 3 onyesho la 4: mzimu wa Banquo umweke mtu, au uache kiti kitupu? Kwa kikundi cha vijana na watazamaji wa kwetu nasema kiti kitupu. Ukimleta mtu amepakwa unga usoni, ukumbi wote unamwangalia yeye, watoto wanacheka, na Macbeth amepotea. Kiti kikiwa kitupu hawana pa kuangalia ila uso wa muuaji. Kiti chenyewe kiwe katikati na mbele, si pembeni.

Damu: vikombe 2 vya sukari kwa kikombe 1 cha maji, chemsha mpaka iwe nzito, ipoe, tia rangi nyekundu ya chakula na nusu kijiko cha chai cha kakao, vinginevyo inakuwa ya waridi kama sharubati. Usiipake pagne ya kuazima, haitoki. Na lililo kubwa kuliko hayo: mama wa tendo la 5 anayetembea usingizini mikono yake iwe safi kabisa. Vikundi vingi vinampaka damu pale, onyesho linakufa. Doa lile analiona yeye peke yake.

Picha_Nguba, Bukavu

Kwa filamu, kaka Pazia, usitumie kitufe cha kusimamisha mara ya kwanza. Watazame yote moja kwa moja, kila mmoja na kikaratasi kimoja na swali moja: ni dakika gani uliacha kumuunga mkono mhusika? Waandike saa tu, bila maelezo. Ukikusanya vikaratasi utakuta dakika zimetofautiana sana, na mjadala tayari unao.

Mara ya pili simama sehemu 4 au 5 tu, kila sehemu dakika 3 hadi 5. Karatasi iwe na safu: dakika, anachofanya, kamera iko wapi, kinachosikika. Sehemu moja rudia bila sauti kabisa, nyingine rudia skrini imefunikwa wasikilize tu. Kwa umeme wetu, chagua sehemu hizo mapema na uandike dakika zake, usije ukaanza kutafuta betri ikiwa asilimia 10.

Mfano wa kuwafundishia macho: The Godfather ya 1972. Ni ndefu, dakika 175, kwa hiyo baada ya mara ya kwanza chukua vipande. Mwanzoni Michael, mtoto wa mkuu wa mafia, anamwambia mpenzi wake Kay kwamba ile ni familia yake, si yeye. Kisha kuna usiku wa hospitali. Baba yake amelala hana ulinzi, na Michael anasimama nje na Enzo, mwoka mikate, wakijifanya wana silaha. Hatari ikipita, Enzo anajaribu kuwasha sigara, mikono inatetemeka, hawezi. Michael anamwashia, halafu anautazama mkono wake mwenyewe. Hautetemeki. Hakuna neno linalosemwa. Mwanafunzi aliyezoea kusubiri mhusika ajieleze kwa maneno analipita hili bila kuliona.

Na muulize: pale hospitalini alifanya kosa gani? Hakuna. Anamlinda baba mgonjwa, nani angemlaumu? Filamu inatuingiza kwenye gari kwa mlango ulio halali, tunakuja kushtuka tukiwa mbali. Kwenye mgahawa, kabla ya kufyatua, kelele za treni zinapanda hadi zinafunika mazungumzo, na kamera inabaki kwenye uso wake. Ile treni haionekani popote. Tunaisikia kwa niaba ya kichwa chake. Mwishoni anamdanganya waziwazi Kay, ambaye sasa ni mke wake, na mlango unafungwa tukimtazama Kay aliyebaki nje. Kwa maoni yangu uongo ule ni mzito kuliko risasi za mgahawani, lakini wanafunzi wengi wanabisha, na waache wabishe ila kwa dakika na picha.

Ukitaka ya Afrika, chukua Xala ya Sembène Ousmane, 1975. Tahadhari mbili. Itazame wewe kwanza, maana inahusu mume aliyepoteza nguvu za kiume usiku wa harusi ya mke wa tatu, na mwisho wake kuna mtu uchi. Kikundi cha parokia kinahitaji kuandaliwa. Ya pili: jedwali la Mwalimu Ndosho halitafanya kazi hapo. El Hadji, ndiye huyo mume, hasiti hata mara moja. Ameoza kabla filamu haijaanza: ardhi ya ukoo wa kipofu mmoja omba omba alishaipora zamani, na mchele wa watu wenye njaa ameshauuza. Tunachotazama ni kufichuliwa. Kwa hiyo safu zibadilike: ni kitu gani anavuliwa, nani anakivua, na je, anaelewa?

Hesabu inakuja vizuri sana. Hundi aliyomlipa mganga aliyemponya haina pesa, mganga anaurudisha ugonjwa. Wafanyabiashara wenzake wanamfukuza, naye anawajibu kwamba wote wameiba vilevile, na ni kweli. Akitaka kusema kwa Kiwolofu wanamkatalia, wakati yeye mwenyewe alikuwa anamkaripia binti yake kwa kusema Kiwolofu. Kiti chake anapewa mwizi wa mfukoni aliyenunua suti kwa pesa za mkulima. Hapo wanafunzi waulize: aliyeanguka ni mtu mmoja, au ni kile chama kizima chenye masanduku ya noti? Omba omba wanaomtemea mate mwishoni wanamtemea yeye tu, wengine wako mjini wanakula.

Kijana_wa_Birere, Goma

Mwalimu, miye hapo siko sawa na weye. Wale wachawi njo walimufungulia mulango. Kama hawakusema kitu angerudia kwake na kulala. Mambo ilishatabiriwa, sasa tunamuhukumu sababu ya nini?

Mwalimu_Ndosho, Goma

Mdogo wangu, swali zuri, na jibu analo Macbeth mwenyewe. Walimwita bwana wa Glamis, bwana wa Cawdor, kisha mfalme. Glamis alikuwa nayo tayari. Cawdor ikaja dakika chache baadaye kwa mkono wa wajumbe wa mfalme, bila yeye kunyoosha kidole. Na onyesho lile la 3 anasema kwa mdomo wake kwamba kama bahati inataka awe mfalme, basi imvike taji bila yeye kujishughulisha. Aliijua njia ya kungoja, akaitamka, akaiacha. Wachawi walitaja kiti. Kisu hawakukitaja.

Unaweza kunipinga kwa tendo la 4, pale ambapo wanamlaghai kweli kwa ahadi za msitu na za mtu asiyezaliwa na mwanamke. Hapo nakubali, wanamchezea. Lakini kufikia hapo Duncan, walinzi na Banquo wameshakufa.

Jukwaa_Lushi, Lubumbashi

Narudi kwa swali la tatu la ndugu Pazia, kuhusu njia moja kwa wote. Hapana. Dada Nguba ameonyesha tofauti ya kuoza na kufichuliwa. Kuna aina nyingine ambayo shule zetu za Kifaransa zinaisoma sana: La tragédie du roi Christophe ya Aimé Césaire, 1963. Christophe, mfalme wa Haiti, anataka kuwainua watu waliotoka utumwani, na ngome juu ya mlima iwe ushahidi kwamba wanaweza. Ili ijengwe anawatumikisha kwa nguvu. Neno "tamaa" halina kazi hapo, hajengi kwa ajili ya tumbo lake. Mwanafunzi atafute mahali ambapo njia aliyoichagua inaanza kufanana na bwana aliyemkimbia. Akileta ukurasa na mstari, amemaliza.

Usimchanganye na Lumumba wa mtunzi huyohuyo, Une saison au Congo, 1966. Yule anapondwa na maadui. Makosa ya hesabu anayo, lakini dhamiri yake haishuki. Anayeandika "anguko la kimaadili la Lumumba" amechukua mfano wa karatasi ya jana akabadilisha jina.

Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, 1969, ni mgumu zaidi, na ninampenda kwa sababu hiyo. Yeye mwenyewe ameingiwa na shaka juu ya maji ya dawa aliyowapa watu ili risasi zisiwadhuru, watu wamekufa, na akiwa mikononi mwa Wajerumani anaambiwa aseme maji yalikuwa uongo. Anakataa, ili neno lisife kwa watakaokuja. Ni uongo? Ni ushujaa? Mpe mwanafunzi wako bora, wengine itawashinda.

Pazia_Kadutu, Bukavu

Aksanti yenu wote, nimenakili kila kitu. Kiti kitupu tunakichukua. Swali dogo la mwisho: kurasa zenyewe nizisahihishe vipi kwa alama 20? Na tafsiri zikitofautiana, watatajaje mistari?

Mwalimu_Ndosho, Goma

Wataje tendo na onyesho, hayo hayabadiliki iwe tafsiri ya Kiswahili ya Mushi ya 1968 au kitabu cha Kifaransa. Alama: 8 kwa ushahidi, yaani angalau mahali 4 pametajwa, 6 kwa kuonyesha njia nyingine iliyokuwa wazi kila mara, 4 kwa mtu wa kulinganisha, 2 kwa lugha. Kusimulia hadithi kuanzia mwanzo ni sifuri kwa ukurasa huo, watangazie mapema. Sentensi ya "nasi tujiepushe" isipewe alama wala isikatwe, ipite tu.

Aya inayostahili alama nzuri inakuwa na urefu huu, waonyeshe:

"Katika tendo la 1 onyesho la 7 Macbeth ana sababu za kumwacha Duncan hai na anazitaja zote. Asubuhi ya tendo la 2 onyesho la 3 anawaua walinzi bila kutaja hata moja, na bila kumuuliza mke. Angeweza kuwaacha wahojiwe. Damu waliyopakwa ilitosha kuwatia hatiani. Aliogopa watakachosema. Kuanzia hapa haui ili apate kitu, anaua ili asiulizwe. Banquo anaziwekea wasiwasi habari zilezile (tendo la 3 onyesho la 1), lakini ananyamaza, na kunyamaza kwake nako kuna bei."

Sentensi saba, na neno tamaa halimo. Yule atakayeligusa lile la mwisho, kwamba Banquo alishuku akakaa kimya, mwongeze alama 1 juu ya 20 ukitaka. Ni wachache sana wanaoliona.